Methali Isiyotosha

Msomaji, huenda wewe usomaye Lodwar au Kakuma hujapata kuona hekalu la Kihindu, lakini bila shaka umefundishwa methali hii: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Itazame vema. Yamtukana mtu, kisha yakisifu kiatu chake. Juu ya ibada yake haisemi neno. Na wengi wetu (hata sisi walimu) elimu yetu juu ya Wahindu imekomea papo hapo.

Waturkana humwita Mungu Akuj, jina linasibishwalo na juu, mbinguni. Mgeni akiandika kwamba wao huabudu mawingu, tutamcheka, kwani hakuuliza. Basi twapata wapi ujasiri wa kusema kwamba Mhindu huabudu jiwe?

Vitabu vyahitajiwa, lakini peke yake havitoshi. Max Müller alihariri Rigveda toka 1849 hata 1874, naye hakupata kukanyaga India. Sisi tuna mahekalu Mombasa na Nairobi, na wazee wasemao Kigujarati. Wanahitajiwa vijana wa kujifunza lugha hiyo na Kisanskriti, wakae na wazee hao, wawaulize, kisha waandike kwa Kiswahili.