Geuza Chaja Kwanza

Kwenye kaunta ya duka moja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, zilikuwa kompyuta mpakato mbili zenye stika ile ile: RTX 4050. Ya kwanza nyembamba, nyepesi, ina prosesa ya i7, na ndiyo iliyokuwa ghali. Ya pili nene, imetokeza nyuma kama kisigino cha kiatu, ina i5. Winga, yaani dalali aliyetuleta, alikuwa ameshatuamulia. "Bosi, mchukulie kijana hii i7. Hiyo nyingine ni ya wanaobana hela."

Mnunuzi alikuwa mpwa wangu. Alikuwa na shilingi milioni 3 alizozikusanya kwa kuhariri video za harusi, na akimaliza kazi usiku hucheza EA FC na GTA V. Akanitazama. "Mjomba, unasemaje?" Sikusema kitu. Nilimwomba muuzaji atoe chaja zote mbili kwenye maboksi.

Chaja ya ile nyembamba iliandikwa wati 120. Ya ile nene, wati 170.

Jina la kadi ya grafiksi peke yake halikwambii kasi utakayoipata. Nvidia wenyewe wanairuhusu RTX 4050 ya kompyuta mpakato ifanye kazi popote kati ya wati 35 na 115, na kiwanda kinachounda mashine ndicho kinachochagua kiasi. MSI Cyborg 15, kwa mfano, imeipa kadi hiyo wati 45. Zipo nyingine zinazoipa zaidi ya 100. Ni sawa na mabasi mawili yenye injini moja, moja limefungwa kidhibiti mwendo, na abiria anaoneshwa injini tu.

Chaja haiwezi kuficha jambo hili, kwa sababu ndiyo inayolisha kila kitu. Kwenye wati 120, toa 45 za prosesa ikiwa kazini, toa za kioo, feni, diski na betri inayochajiwa, uone kadi imebakiwa na nini. Anayetaka uhakika zaidi afungue programu ya mipangilio ya Nvidia iliyomo ndani ya mashine yenyewe, aende kwenye taarifa za mfumo, asome kiwango cha juu cha umeme wa kadi. Ni kazi ya dakika moja, na muuzaji mwenye mzigo safi haikatai.

Wati ninazisisitiza kwa sababu ya mji wetu. Karibu kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka kama joto, na kazi ya kulitoa ni ya mabomba ya shaba na feni. Majaribio mengi tunayoyatazama mtandaoni hufanywa Ulaya na Marekani, katika vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Dar es Salaam msimu wa kaskazi mchana hufika nyuzi 32, na chumba cha Kariakoo ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa ghorofa ya jirani hakipoi hata usiku wa manane. Feni haina ujanja wa kuipoza mashine ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Nyuzi 10 zilizozidi chumbani zinahamia karibu zote kwenye kadi na prosesa. Mashine iliyotulia kwenye nyuzi 78 huko kwao, hapa itachezea 88, na ikikaribia kikomo chake inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo mchezo unaanza kukatakata, na mwenye mashine analaumu gemu.

Kwa hiyo tulizijaribu. Nilikuwa na flashi yenye FurMark, programu ya bure inayoichosha kadi makusudi. Tuliomba mashine zisogezwe karibu na mlango, mbali na kiyoyozi, tukaziacha zifanye kazi dakika 20 huku tukinywa maji. Ile nyembamba ilianza vizuri, halafu namba za picha kwa sekunde zikawa zinashuka kidogo kidogo. Nilipoweka vidole kwenye W, A, S na D, pale pale vidole vya mchezaji vinapokaa, palikuwa moto. Ile nene ilipiga kelele kama feni ya ukutani, lakini namba zake hazikuyumba. Kisigino kile kilichoonekana kibaya ndicho kilichokuwa kinatoa joto.

Jina mpakato linatoka kwenye kupakata, yaani kitu cha kuweka mapajani. Mashine ya gemu usiipakate. Iweke mezani, nyuma yake pawe wazi, na usiiweke kitandani, kwa sababu shuka linaziba matundu ya chini.

Prosesa haikutuchukua muda. Kwa kadi ya daraja la 4050 inayocheza gemu za kawaida, kadi ndiyo inayochoka kwanza, si prosesa. i5 ya kizazi cha 12 au 13 yenye herufi H mwishoni, mfano 13420H yenye viini 8, inatosha kabisa. Cha kuogopa ni i7 yenye herufi U, iliyotengenezwa kwa ajili ya kubana umeme wa betri. Wanaopenda AMD waangalie tarakimu ya tatu kwenye mfululizo wa 7000: Ryzen 7 7735HS na 7840HS zinaonekana ndugu, lakini tarakimu ya 3 inaonesha usanifu wa zamani zaidi, Zen 3+, na 4 inaonesha Zen 4.

Kama mpwa wangu angekuwa na hela zaidi, ningempandisha hadi RTX 4060, kwa sababu ina kumbukumbu ya GB 8 dhidi ya GB 6 za 4050, na gemu mpya zinazijaza hizo 6 haraka. Ningeishia hapo. RTX 4070 ya mpakato nayo ina GB 8 zile zile na inaruhusiwa wati zile zile 35 hadi 115. Tofauti ya bei hairudi.

RAM ya ile nene ilikuwa kijiti kimoja cha GB 8. Usiikatae mashine kwa sababu hiyo. Kijiti cha pili kinafungwa hapo hapo Kariakoo, na faida yake ni zaidi ya kuongeza ukubwa: vijiti viwili vinaipa prosesa njia mbili za kuchota data badala ya moja. Hakikisha tu kuna nafasi ya kuchomeka, maana baadhi ya mashine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haibadiliki tena. Task Manager ya Windows inaonesha nafasi ngapi zipo na ngapi zimetumika.

Sasa kioo, ambacho ndicho kilichotubakiza dukani hadi adhuhuri.

Mpwa wangu alikuwa amekuja akitaka inchi 17.3. Nilichukua tepu. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo namba hiyo haikwambii upana. Kioo cha inchi 17.3 cha umbo la 16:9 kina upana wa sentimita 38.3. Cha 15.6 kina 34.5. Mtu anayepanda mwendokasi pale Gerezani saa 11 jioni, begi limekumbatiwa kifuani, anazijua hizo sentimita 4. Pia pikseli ni zile zile 1920 kwa 1080 zimetandazwa eneo kubwa: 127 kwa inchi badala ya 141. Maandishi yanakuwa makubwa, hayawi safi zaidi.

Mashine za inchi 16 ndizo zilizonishangaza nilipopima. Umbo lake ni 16:10, na upana wake ni sentimita 34.5, sawa na wa 15.6. Kilichoongezeka ni kimo, kutoka sentimita 19.4 hadi 21.5. Begi ni lile lile, na mhariri wa video anapata nafasi ya kupanga vipande vyake chini ya picha. Ningekuwa nanunulia kazi tupu, ningechukua 16 bila kufikiri mara mbili. Lakini iliyokuwepo dukani ilikuwa na pikseli 2560 kwa 1600. Hizo ni milioni 4.1, karibu mara mbili ya milioni 2.07 za kioo cha kawaida, na kadi inalazimika kuzichora zote kila mara. RTX 4050 haina kifua hicho. Tukabaki na 15.6, ya Hz 144, ambayo hubadilisha picha kila milisekunde 7 wakati kioo cha Hz 60 kinachukua karibu 17.

Halafu rangi. Vioo vya bei ya chini huandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonesha, na kwa gemu mtu anaweza kuvumilia. Kwa video za harusi haifai. Nilikuwa na picha ya kanga kwenye simu, nyekundu iliyokolea. Tuliifungua kwenye vioo vitatu. Kimoja kiliifanya ya chungwa, na ngozi ya bibi harusi aliyeivaa ikawa ya kijivu. Mpwa wangu alikikataa mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Ile nene ilikuwa na kioo cha asilimia 100 ya sRGB, na nyekundu ikabaki nyekundu.

Tulimaliza na umeme. Betri ya saa-wati 60 ikitoa wati 120 inaisha kwa nusu saa, na bila chaja kadi hujibana sana, kwa hiyo umeme ukikatika gemu limeisha. Chaja inapokea volti 100 hadi 240, haitishwi na umeme hafifu. Hatari ni pale umeme unaporudi kwa kishindo, basi ichomeke kwenye kilinda umeme kama cha friji. Wati 150 kwa saa 4 kila siku ni uniti 18 za LUKU kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 izihesabu mapema.

Tulinunua ile nene, tukabakiza hela ya RAM. Nawe ukienda, nenda asubuhi duka likiwa na nafasi, beba tepu, flashi na picha ya kanga, na usiondoke bila risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya mashine yako. Winga hatakuwepo siku feni itakapogoma.