Likivuta kushoto, anzia kulia

Barabara ya Lubumbashi hadi Kipushi ni kama kilomita 30 tu, lakini breki hufanya kazi nyingi humo. Malori ya mgodi, baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa na mbuzi wanaokatiza hukulazimisha ukanyage ghafla. Tuchukue gari dogo la Kijapani, la mtumba, lenye usukani kulia. Dereva anakanyaga kwa nguvu, gari linaruka kushoto. Kongo tunapita kulia, kwa hiyo kushoto ndiko kunakotoka lori. Naye dereva, akiwa ameketi upande wa ukingo wa barabara, ndiye anayeliona lori hilo kwa taabu zaidi.

Gari likifika gereji, mara nyingi hufunguliwa gurudumu la kushoto, kwa kuwa ndiko linakovuta. Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Breki mbili za mbele zinatakiwa kushika sawa. Moja ikilegea, ile nzima hubaki inashika peke yake, na gari hugeukia upande wake. Gari linalokimbilia kushoto kwa kawaida linaumwa kulia. Ukibadilisha pedi za kushoto, umeitibu breki iliyokuwa inafanya kazi yake.

Kabla ya jeki, ondoa visingizio vya bure. Pima upepo wa tairi zote nne, hakikisha zile mbili za mbele ni za saizi na aina moja. Kumbuka pia kwamba lami huinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Gari linaloelea taratibu kulia bila breki huenda linafuata mteremko tu. Jaribu sehemu tambarare isiyo na watu, kwenda na kurudi. Mvuto ukigeuka pamoja na barabara, gari halina kosa. Na kama pedali inazama kuliko kawaida, usiendelee na majaribio barabarani. Katika magari mengi ya aina hii mfumo umegawanywa kimshazari, gurudumu moja la mbele pamoja na la nyuma la upande wa pili. Mafuta yakivuja katika nusu moja, unabaki na breki moja tu ya mbele.

Baada ya hapo, swali kubwa ni hili: linavuta lini?

Likivuta hata ukikanyaga polepole, shuku kalipa, kifaa kinachobana pedi. Vumbi jekundu la kiangazi hupenya mpira wa kukinga uliopasuka, maji ya masika hufuata, na pini ambazo kalipa huteleza juu yake hushika kutu. Endesha kidogo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lililo baridi kuliko mwenzake ni vivu, halibani. Lililo la moto sana limeng'ang'ania, na hilo huvuta gari kuelekea upande wake hata mguu ukiwa mbali na pedali.

Likivuta upande mmoja ukikanyaga, kisha likageukia wa pili ukiachia, tazama mpira wa kupitisha mafuta ya breki. Kwa nje waweza kuonekana mpya huku ndani umevimba. Mafuta huingia kwa kuchelewa, kwa hiyo mwenzake hutangulia kushika. Ukiachia, hurudi kwa kuchelewa, nalo gurudumu hubaki limebanwa. Kipimo chake ni rahisi: gurudumu likiwa limeng'ang'ania, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likifunguka, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani. Likibaki limekaza, tatizo ni pistoni au pini.

Likinyooka kwenye breki ndogo na kuruka kwenye breki kali tu, acha pedi, chunguza bushi za mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Breki kali husukuma gurudumu nyuma, na bushi iliyokufa huliachia lisogee, hivyo gurudumu hujikata lenyewe bila usukani kuguswa. Hapa kanuni ya upande mzima haitegemewi. Mwenzako aendeshe mwendo wa kutembea, mbele na nyuma, akikanyaga breki, nawe ukitazama kutoka pembeni: gurudumu linalocheza ndani ya tao lake limejitaja.

Kuna sababu nyingine inayofanya ugonjwa ujifiche. Tangu Audi 80 ya 1972, magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yamepangwa hivi: mstari ambao gurudumu huuzungukia likikata kona hugusa lami upande wa nje wa katikati ya tairi. Breki moja ikishika zaidi, gurudumu lake hujikata kidogo kuelekea upande dhaifu na kupunguza mvuto. Anayefunga rimu zinazotokeza nje kwa ajili ya urembo huipunguza kinga hiyo, au kuiondoa kabisa, na kasoro ndogo ya kalipa hugeuka mruko.

Matibabu yafuate kipimo. Pedi na mipira ya mafuta hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto. Pini hupakwa grisi ya breki, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Kwa sababu hiyohiyo, oili ya injini isiingie kamwe kwenye kopo la breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140; ukifungua mfumo, mimina mapya.

Majaribio yote haya hayahitaji kununua kifaa chochote. Mwenye gari anaweza kumuuliza fundi wake kabla ya kulipa: umejuaje ni gurudumu hili? Jibu likiwa "kwa sababu ndiko linakovuta", asinunue kitu bado.