Gari ya zamani kama gari ya kwanza: nani atakutengenezea hapa Bunia?

Wandugu wahitimu, kuna shauri moja linazunguka kati yetu tangu wengine waanze kupata kontra za miezi sita ao za mwaka. Linasema hivi: gari yako ya kwanza isiwe Probox kama ya kila mutu, tafuta gari ya zamani yenye jina. Land Rover, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, Peugeot 504, Land Cruiser ya miaka ya 70. Bei yake ni ndogo, chuma chake ni kizito, fundi yeyote anaifungua kwa turnevisi, na ukipita nayo kwenye Boulevard de la Libération watu wanageuka. Halafu inafuata picha: kijana wa Nairobi amesimama kando ya Volkswagen inayong'aa kama sahani.

Mimi ni mutu wa kilimo, si wa garaji. Lakini hili shauri ninalisoma vile ninasoma karatasi ya mbegu mpya inayosifiwa. Ilijaribiwa wapi? Kwa udongo gani? Nani aliitunza wakati mvua ilikosa? Shauri la gari ya zamani halijibu hata swali moja kati ya haya, na njo pale linanisumbua, juu ya wanaolisikiliza ni vijana wenye dola elfu tatu ao elfu nne za kwanza katika maisha yao.

Tulipe haki yake kwanza. Ni kweli kwamba moteri ya Volkswagen inapozwa na hewa. Haina maji ya kuchemka njiani. Ni kweli kabureta na bujii havihitaji ordinateri. Probox ikiwasha ile taa ya njano, fundi wa kartie anaweza kubahatisha siku tatu nzima, na wewe unalipa kila siku ya kubahatisha. Historia pia iko upande wa hayo magari. Katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Ile 504 ikashinda 1975 na 1978. Matope na mavumbi ya kule yalikuwa ndugu wa haya yetu. Mutu akiniambia kwamba yale magari yalikuwa dhaifu, nitamkatalia.

Mfano wanaoupenda zaidi ni wa 1965. Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imetumika tayari, gari ambayo kiwanda kilikuwa kimeshaichosha kwa mashindano. Wenye magari mapya walibaki nyuma. Wenzetu wanasoma hadithi hiyo wanaona kwamba gari kuukuu imeshinda. Mimi ninaangalia mutu aliyekuwa ndani. Joginder alikuwa fundi: kabla ya kuwa bingwa, alifanya kazi ya kuwasaidia madereva waliokwama barabarani, kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Ile Volvo ilipata dereva anayejua kila vizi yake. Mwenye lisansi ya agronomi, ao ya sheria, ao ya uchumi, anayenunua gari yake ya kwanza, hana hata kifuko cha vifaa.

Na tuangalie vizuri zile picha za Nairobi. Kule kuna maonyesho yanayoitwa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo. Waamuzi wanachungulia mpaka chini ya gari, wanatafuta mafuta yanayovuja na kutu. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, na Uganda toka 2018 imefunga mlango kwa ile yenye miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo Volkswagen ya zamani inayopita Nairobi leo mara nyingi ni gari iliyobaki pale pale: baba alimwachia mutoto, fundi alimfundisha kijana wake, piesi zikawekwa kwa rafu na mutu anayejua zitatafutwa. Addis Ababa ni vile vile. Kodi kali ya kuingiza magari iliwafanya watu washikilie Volkswagen zao, na mafundi wa kuzitengeneza wakabaki na kazi. Unaona? Kinachong'aa katika picha ni miaka hamsini ya mikono iliyopokezana bila kukatika. Hiyo haiuzwi pamoja na gari.

Sasa turudi kwetu. Wazee wa Bunia watakuhesabia magari ya wakati wa Zaire, yale ya wafanyabiashara, ya misioni, ya wenye mashamba ya kahawa. Yako wapi? Mwisho wa 1996, wanajeshi wa Mobutu wakikimbia, katika miji ya mashariki waliondoka na magari ya watu. Kuanzia 1999 vita ya Ituri ikawaka, na 2003 mji wenyewe ukaporwa kartie kwa kartie, mpaka Artemis ikafika mwezi wa sita. Gari iliyosalimika ilisalimika kwa kufichwa, na kwa kukatwa vipande ili kulisha gari ingine. Fundi wa Peugeot alikimbilia Uganda ao Beni. Kijana aliyepaswa kujifunza kwake akajifunza Toyota, juu gari iliyokuja na ONG na MONUC ilikuwa Toyota. Ule mnyororo wa mikono, kwetu ulikatika mara mbili. Sitaki mutu aniambie kwamba tuko sawa na Nairobi, tofauti ni rangi tu.

Chukua Land Rover, ile ya zamani wanayoiita Series. Mwaka huu mwenzetu mmoja wa promosio alionyeshwa moja, na tukaenda kuiangalia watu watatu. Kwa macho ilikuwa nzuri, na hiyo haishangazi: mwili wa Land Rover ni wa alimini, hauli kutu kama bati. Lakini shasi chini ni ya chuma, na chuma hicho kinaozea ndani, kule maji na matope vinakaa, wakati juu kila kitu kinacheka. Fundi tuliyekwenda naye alichoma turnevisi nyuma ya ressort ya upande wa kushoto. Iliingia kama katika muhogo uliooza. Moteri haikuwa ya Land Rover hata kidogo, ilikuwa ya Hilux, imefungwa kwa vyuma vya kuchomelea. Nambari ya shasi haikufanana na ile ya carte rose. Muuzaji alicheka, akasema magari yote ya zamani iko hivyo. Kwa Bunia alisema kweli, na ule ukweli ungetosha kufunga mazungumzo. Nambari zikitofautiana, kila kizuizi ni mjadala, na mjadala kwenye kizuizi unajua vile unaisha.

Tuseme hata shasi ni nzima. Ile moteri yake ya esanse, ya lita 2 na robo, inakunywa karibu lita 15 mpaka 18 kwa kilomita 100. Probox inakunywa nusu ya hiyo. Hesabu bei ya esanse kwa Kadhafi wa kona yako, mwezi wenye upungufu, na uniambie mushahara wa kontra ya kwanza utafika tarehe ngapi. Tena Series za kabla ya 1971, bwati ya vitesi haina msaada wa kuingiza ya kwanza na ya pili. Unapaswa kusikiliza moteri na kubahatisha mwendo, ama sivyo meno yanalia. Wenye kusifu wanasema hiyo inamfundisha kijana kuendesha. Inawezekana, kwenye uwanja wa mpira. Kwenye mteremko wa Mudzipela saa moja ya asubuhi, kati ya wamotari na wanafunzi, kijana mwenye permis ya miezi mitatu anahitaji akili yake yote kwa barabara.

Hapa siko na mchezo. Freni za ngoma mbele na nyuma, usukani usio na msaada, hakuna mkanda ao mkanda uliokatwa, hakuna mfuko wa hewa. Mutu mzoefu anajua gari kama hiyo inasimama mbali, anaacha nafasi. Anayeanza hajui. Na mengi ya haya magari yanakuja kwa upande wa Uganda, usukani uko kulia, lakini sisi tunapita upande wa kulia wa barabara. Ukiwa nyuma ya lori lenye mbao kwenye njia ya Komanda, ili uone kama kuna gari inakuja mbele, inabidi utoe nusu ya gari yako kwanza. Probox nyingi zina shida hiyo hiyo, ninakubali. Lakini Probox ukibonyeza inapita haraka na ukikanyaga freni inasimama. Ile ya zamani haifanyi lolote kati ya haya mawili.

Halafu barabara yenyewe. Komanda ni kama kilomita 75. Mahagi ni mbali zaidi, kupitia Djugu. Mutu wa Kampala gari yake ikizima, anapiga simu, anakunywa soda akingoja. Sisi tuko chini ya état de siège tangu Mai 2021, na kila mmoja wetu anajua sehemu za RN27 na RN4 ambapo hupendi kuwa umesimama saa kumi na moja ya jioni na kapo imefunguliwa. Wanaotoa shauri la gari ya zamani wanazungumza juu ya kuharibika kama sehemu ya mapenzi, kitu cha kuchekea baadaye. Kwa kazi ya kilimo, ambapo unapeleka vijiti vya muhogo Irumu na unapaswa kurudi kabla ya giza, mimi sichekei.

(Kitu kidogo kingine, kwa wanaopenda kemia: moteri nyingi za zamani zilitengenezwa kwa esanse yenye risasi, iliyokuwa inalinda valvu. Afrika chini ya Sahara iliachana nayo 2006, na ilikuwa vizuri kwa damu za watoto wetu. Lakini moteri ambayo haikubadilishwa vitako vya valvu inalika pole pole, na ukiongeza esanse iliyochanganywa na petroli ya taa, unajua.)

Je, hakuna hata moja ninayoisifu? Iko. Land Cruiser ya familia ya 70 ilianza 1984 na mpaka leo kiwanda kinaitengeneza. Ile yenye moteri ya 1HZ, mazutu, silinda sita, lita 4.2, ilitoka 1990, haina ordinateri, na njo iliyobeba ONG karibu zote zilizopita hapa. Gari ya 1992 ya namna hiyo ni ya zamani kwa umri, lakini kila garaji ya Bunia inaijua gizani, na piesi zake zinauzwa sokoni, nzuri na za uongo pamoja. Ukiniuliza gari ya kihistoria ya Ituri ni ipi, sitakuonyesha Volkswagen, nitakuonyesha hii. Ubaya wake ni kwamba kila mutu anajua hayo, na bei inajua pia. Ile inayokuja kwa bei ya mwenye kontra ya kwanza imeshapinduka mara mbili.

Kwa hiyo mwenye dola elfu nne anabaki na Corolla ao Probox isiyo na sifa, ao pikipiki ya TVS na akiba kidogo. Mimi bado niko kwa pikipiki, na mifuko ya mbegu nyuma. Haipendezi kwa picha.

Lakini kuna jambo ambalo lile shauri lingeweza kulisema na halikulisema. Hapa mjini kuna mzee mmoja, amepita miaka sitini, alijifunza Peugeot kwa mutu wa Kisangani wakati wa Mobutu. Anajua kupanga kabureta kwa sikio. Nyuma ya nyumba yake kuna 504 moja ya break, bila viti, ambayo hakuna aliyeichukua kwa sababu hakuna aliyeona faida yake. Badala ya wahitimu watano kununua magari matano yasiyo na fundi, tano hao wangeweza kulipa pamoja ile moja, na kulipia vijana wawili wa shule ya ufundi wakae kwa mzee mwaka mzima. Nilimuuliza kama angekubali. Alisema ndiyo, ila waje na ovaroli zao, na wasiwe wale wa kushika simu wakati anafungua moteri. Sasa hivi hana mwanafunzi hata mmoja.