Uso na Sauti ya Kuazima: Nargis na Tatizo la Kumhakiki Mwigizaji

Ikisiri

Maisha ya Nargis (1929–1981), mwigizaji mashuhuri wa sinema ya Kihindi, husimuliwa mara nyingi kama safari ya msichana wa filamu za mapenzi hadi kuwa mama wa taifa. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Kwa kuzichunguza Andaz (1949), Awaara (1951), Mother India (1957) na Raat Aur Din (1967), yanadai kwamba ishara ya mama imemfunika mwigizaji, na kwamba sanaa yake hudhihirika zaidi pale anapovutana na ishara hiyo.

Utangulizi

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Wengi walioisikia sauti hiyo baadaye katika miji ya mwambao hawakuwahi kumwona mwenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni 1929, alizaliwa Calcutta mtoto aliyepewa jina la Fatima Rashid, ambaye umaarufu wake ungekuwa kinyume cha huo. Uso wake ulikuja kufahamika kutoka Bombay hadi Moscow na Zanzibar, lakini sauti iliyosikika kila alipoimba katika filamu ilikuwa ya mwanamke mwingine, hasa Lata Mangeshkar. Jambo hili lina uchungu wake, kwa sababu mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji wa sifa kubwa, mtunzi wa muziki na mwongozaji wa filamu. Binti wa mwimbaji aliingia katika historia kwa kufumbua kinywa ili mwingine aimbe.

Ulinganisho huu na Siti haukuletwa kwa ajili ya pambo. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliyafanya maisha ya msanii kuwa kioo cha maadili: juhudi, subira, heshima. Mkabala huo una nguvu yake, na fasihi ya Kiswahili ina deni kwake. Hata hivyo, umeacha mazoea yanayohitaji kuhojiwa. Tunapoandikiwa maisha ya msanii, hasa msanii wa kike, huulizwa kwanza alikuwa mtu wa namna gani, na swali la alifanya nini katika sanaa yake husubiri. Uhakiki wetu wa filamu nao umeyarithi mazoea hayo kwa njia nyingine: hutolewa muhtasari wa hadithi, zikaorodheshwa dhamira, wakachambuliwa wahusika, na jina la mwigizaji likaachwa ndani ya mabano. Nargis ametendewa yote mawili. Amesifiwa kama mama na kufupishwa kama mhusika.

Kosa la kusoma uso

Alianza kuonekana katika filamu mwaka 1935 akiwa mtoto, kwa jina la Baby Nargis. Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, Mehboob Khan alimpa nafasi kuu katika Taqdeer. Mwaka uliomweka juu ni 1949, zilipotoka Andaz ya Mehboob na Barsaat ya Raj Kapoor. Kutokana na Barsaat ilipatikana picha iliyofanywa nembo ya kampuni ya Raj Kapoor: mwanamume ameshika fidla kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umembeba mwanamke aliyeinama kinyumenyume. Fidla na mwanamke vimewekwa sawa, kimoja kila mkono. Ni nembo nzuri kwa macho, lakini mhakiki hana budi kuitazama mara mbili, kwa kuwa inaeleza mapema namna ambavyo mwigizaji huyu angesomwa.

Andaz inastahili uangalifu zaidi kuliko inaoupata. Neena ni binti wa tajiri, amelelewa kisasa, anacheka kwa sauti na kumkaribisha nyumbani kijana aitwaye Dilip (Dilip Kumar) bila kificho. Dilip anaona kicheko na ukarimu, akadhani ni mapenzi. Neena tayari ana mchumba, Rajan (Raj Kapoor), naye anaolewa. Kutoka hapo wivu unatafuna kila mtu hadi Neena anampiga Dilip risasi, anahukumiwa kifungo cha maisha, na kumwachia mumewe wosia kwamba binti yao asilelewe katika mienendo ya kigeni.

Dhamira ya wazi haihitaji mjadala: usasa humponza mwanamke. Wahakiki wengi huishia hapo. Lakini filamu nzima imesimama juu ya kosa la usomaji. Mwanamume ameusoma vibaya uso wa mwanamke, kisha hadithi inamtoza mwanamke gharama ya kosa hilo. Je, Nargis aliigiza hatia? Ukiyatazama matukio ya mwanzo bila kungoja hukumu ya mwisho, hakuna ishara yoyote ya kuchezea moyo wa mtu katika kicheko cha Neena. Ni kicheko cha mtu aliyezoea kupendwa na asiyeona sababu ya kujihesabu. Mswada unasema ana kosa, na uso unakataa. Mvutano huo ni kazi ya mwigizaji, wala haumo katika muhtasari wowote wa hadithi.

Rita mahakamani, na hadhira isiyojua lugha

Katika Awaara, iliyoandikwa na K. A. Abbas akishirikiana na V. P. Sathe, Nargis ni Rita, mwanasheria anayemtetea mpenzi wake Raj mbele ya mahakama na kumhoji Jaji Raghunath, mlezi wake mwenyewe. Mara nyingi filamu hii hukumbukwa kwa wimbo wa mzururaji na kwa ndoto ndefu yenye mawingu na ngazi. Nafasi ya Rita ni ngumu zaidi kuliko ya Raj, kwa kuwa yeye ndiye anayelazimika kuwa na heshima kwa mlezi na ukali kwa shahidi kwa wakati mmoja, huku akizungumza na mtu yuleyule.

Laura Fair, katika utafiti wake juu ya sinema za Kihindi na mapenzi Zanzibar katika miaka ya 1950 na 1960, ameonyesha jinsi Awaara ilivyopendwa visiwani na jinsi watazamaji walivyoitumia kujadiliana kuhusu mapenzi na ndoa. Sehemu kubwa ya hadhira hiyo haikujua Kihindi wala Kiurdu. Jambo hili huchukuliwa kama upungufu uliofidiwa na muziki. Inawezekana kulitazama kwa upande wa pili. Asiyeyaelewa maneno hulazimika kumtazama mwigizaji: anavyonyamaza kabla ya kujibu, anavyogeuza bega, anavyoyaelekeza macho kwa mlezi au kumkwepa. Hadhira ya Unguja, kwa kukosa lugha, ilifanya uhakiki wa uigizaji ambao wasomi wenye lugha wameuruka.

Muziki nao ulichukua njia yake. Waimbaji wa taarabu wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa mashuhuri miongoni mwao, waliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Kwa hiyo sauti ambayo Nargis aliazima kwa Lata iliazimwa tena na watu wa mwambao, ikapata maneno mapya na kinywa kipya. Kilichobaki kwa Nargis, kisichoazimika, ni uso.

Radha mbele ya mungu wa kike

Mother India ndiyo filamu iliyomfunika. Mehboob alikuwa ameisimulia hadithi hiyo tayari katika Aurat (1940). Mara ya pili aliipa jina lililojibu kitabu cha Katherine Mayo cha 1927, kilichoidhalilisha India. Tangu jina lenyewe, basi, mwigizaji alikabidhiwa taifa zima alibebe. Radha anaolewa kijijini. Mkopo wa harusi unawaingiza katika mikono ya mla riba Sukhilala. Mumewe anapondwa mikono na jiwe, kisha anatoweka. Mafuriko yanaleta njaa. Mwishoni Radha anampiga risasi mwanawe Birju ili kuilinda heshima ya msichana wa kijiji. Nargis alikuwa na miaka 28 filamu ilipotoka, akiwa ameigiza umri wote kutoka bibi harusi hadi ajuza. Sunil Dutt, aliyeigiza Birju, alikuwa amezaliwa siku tano tu baada yake. Alimwokoa katika moto uliozuka wakati wa kupiga picha, wakaoana mwaka 1958. Kisa hiki cha moto kimesimuliwa kupita kiasi, na hakitusaidii sana kuielewa filamu.

Tukio la kusimama nalo ni lile la njaa. Radha, ametapakaa tope, amekwenda nyumbani kwa Sukhilala akiwa tayari kujitoa ili watoto wale. Ndani ya nyumba hiyo imo sanamu ya Lakshmi. Radha anaigeukia na kusema nayo. Anamwambia mungu huyo, kwa maana, kwamba kuubeba ulimwengu ni jambo moja, na kuubeba mzigo wa umama ni jingine asiloliweza. Hapa hakuna Lata. Sauti ni ya Nargis mwenyewe, na si sauti ya wimbo: inapanda, inakwaruza, inakaribia kicheko. Wafasiri wengi wameliona tukio hili kuwa la ushindi, kwa sababu muda mfupi baadaye Radha anapata nguvu na kumpiga Sukhilala. Lakini kabla ya ushindi kuna lawama. Katikati ya filamu inayomgeuza mwanamke kuwa sanamu, mwanamke anaikemea sanamu kwa kutojua uzito wa anachoheshimiwa kwacho.

Ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba Nargis katika Mother India ni kielelezo tu cha subira. Hata mwisho wa filamu unakataa. Risasi inapotoka, Radha mwenye haki ya kijiji na Radha mwenye mtoto wanatengana mbele ya macho yetu, anamkimbilia aliyemuua. Baadaye ajuza anafungua mfereji mpya, na maji yanageuka mekundu. Taifa limepata maji, naye anaona damu.

Sifa zilimiminika. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikashindwa na Nights of Cabiria ya Fellini. Mwaka 1958 Nargis alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Karlovy Vary na nishani ya Padma Shri.

Bwawa na umaskini

Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, na mwaka huohuo alimshutumu Satyajit Ray kwa kuuza umaskini wa India katika nchi za Magharibi. Alipoulizwa ni India gani ya kisasa iliyopaswa kuonyeshwa badala yake, alitaja mabwawa. Wasomi wamemcheka kwa jibu hilo, na si bila sababu: aliyekula tope kwenye kiwambo alikuwa akimlaumu mwenzake kwa kuonyesha wenye njaa. Lakini kejeli peke yake haitoshi. Mother India yenyewe inaanza na mfereji na maendeleo, kisha inarudi nyuma kwenye njaa. Mbunge alikumbuka fremu ya nje na kuisahau kiini alichokiigiza. Ishara ilikuwa imemshinda hata yeye, na hili halipaswi kufichwa kwa heshima ya marehemu. Alifariki tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla ya filamu ya kwanza ya mwanawe, Rocky, kutoka.

Peggy

Kazi yake ya mwisho katika sinema ni Raat Aur Din ya Satyen Bose. Mchana yeye ni Baruna, mke mtulivu wa nyumba ya heshima. Usiku ni Peggy, anayekwenda kwenye vilabu, anakunywa na kucheza, na hamjui mumewe. Filamu yenyewe haina uzito wa Mother India, na maelezo yake ya ugonjwa wa akili ni mepesi mno. Hata hivyo ilimpa Nargis tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kutolewa katika historia ya tuzo hizo, na kuna haki fulani katika hilo. Kwa miaka kumi watazamaji walikuwa wamemwona Radha katika kila sari aliyovaa. Baruna anavaa sari hiyo. Mumewe anapomkuta usiku na kumwita kwa jina la mke, anamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea mlango, bila hasira na bila aibu, na kumwambia kwamba yeye ni Peggy.