Mwanafunzi Ugenini katika "Hamkani si Shwari Tena"

Riwaya ya Chinua Achebe iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1960, nasi tukaipata katika Kiswahili kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, aghalabu hufundishwa kama kisa cha rushwa. Obi Okonkwo anaonekana kizimbani tangu sura ya kwanza. Hakimu anastaajabu jinsi kijana mwenye elimu na matumaini makubwa namna ile alivyoweza kujiharibia, na mpaka tunafika mwisho wa kitabu swali lake halijajibiwa. Wahakiki wengi wamelitafuta jibu katika mji wa Lagos: katika mshahara usiotosha, gari la mkopo, bima, kodi, na mapenzi yaliyokatazwa na mila. Sina ugomvi nao. Katika makala haya, hata hivyo, nakusudia kutazama mahali ambapo mara nyingi tunapita mbio: namna Obi alivyoandaliwa kwenda chuo kikuu cha ng'ambo, na miaka minne aliyoishi huko. Sisi walimu tunawaaga vijana wanaovuka mipaka kwenda kusoma, wengine Dar es Salaam au Nairobi, wengine mbali zaidi. Na kitabu tunachowasomesha kinaweza kuwa sehemu ya mizigo yao.

Tuanze na maandalizi. Wenyeji wa Umuofia waliokuwa wakifanya kazi mijini waliunda chama cha maendeleo, wakajitoza michango bila ya kujihurumia, ili kupeleka vijana wao hodari Uingereza. Obi akawa wa kwanza. Fedha hizo ziliitwa msaada wa masomo, lakini kwa kweli zilikuwa deni: pauni 800 za kulipwa katika muda wa miaka minne baada ya kurudi. Nao walikuwa na haja yao. Walitaka asome sheria, apate kuwatetea katika kesi za ardhi walizokuwa nazo na majirani zao. Siku ya kumwaga palifanywa karamu na sala. Watu wakaleta zawadi zao, na wazee wakamwonya asikimbilie anasa kabla ya kumaliza kilichompeleka, wala asioe mwanamke wa Kizungu.

Ukiyapima maandalizi hayo utaona kwamba yalikuwa ya upendo wa kweli. Hakuna aliyemdhulumu Obi. Hata hivyo, katika yote aliyopewa, limekosekana jambo moja: hapana mtu aliyekaa naye akamwuliza, "Je, wewe mwenyewe unataka kusoma nini? Ukifika huko ukaona moyo wako umeelekea kwingine, utatuarifu vipi, nasi tutafanyaje?" Obi alipofika Uingereza aliacha sheria akasoma Kiingereza. Chama kikakasirika, kisha kikamwacha. Achebe anayaeleza haya kwa sentensi chache tu, kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu mimi hapo ndipo ufa unapoanza. Deni lilibaki lile lile, lakini makubaliano yaliyokuwa nyuma yake yalikwisha kuvunjika, na pande zote mbili zikanyamaza.

Jambo la pili linahusu muundo wa riwaya. Achebe anatuonyesha kwa ufundi mkubwa jinsi mtu anavyofika mahali pageni, ila mahali penyewe si London. Ni Lagos. Tangu utotoni Obi alikuwa amesikia hadithi za askari aliyerudi likizo kijijini, akisimulia mji usiojua giza kwa sababu ya taa za umeme. Kabla ya kupanda ndege alikaa siku chache Lagos kwa rafiki yake Joseph, akaona mengi ambayo Umuofia hayakuwako. Fundisho lililomo humo ni kwamba ugeni hauanzii kwenye mpaka wa nchi; mwanafunzi atokaye kijijini huwa mgeni mara ya kwanza katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Lakini mara tu ndege inaporuka, pazia linashuka. Baridi, chumba cha kupanga, mhadhiri asiyemfuata mwanafunzi kumwuliza kama amesoma au hakusoma, mtihani wa kwanza: yote hayo hayamo. Tunapewa kurasa chache, kisha tumo melini tunarudi.

Yawezekana kwamba sababu moja ni maisha ya mwandishi mwenyewe. Achebe alisoma chuo kikuu nchini mwake, Ibadan, akahitimu mwaka 1953. London alikwenda mwaka 1956 kwa mafunzo ya utangazaji. Lakini sababu hiyo haitoshi, kwa maana Okot p'Bitek wa hapa Uganda alisoma Bristol, Aberystwyth na Oxford, na utenzi wake mashuhuri, Wimbo wa Lawino, unasimuliwa na mke aliyeachwa nyumbani. Inaelekea fasihi yetu ya zama zile ilivutwa zaidi na marejeo kuliko safari. Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waandishi wetu wakatungoja ngamani, wasitusimulie tezi wala omo.

Hata hivyo, katika kurasa hizo chache mna kifungu kimoja ambacho kila mwalimu wa lugha angepaswa kukisoma darasani polepole. Tunaambiwa kwamba Obi, akiwa London, alifurahi kupita kiasi alipokutana basini na mwanafunzi mwenziwe asemaye Kiigbo. Lakini alipokutana na Mnigeria wa kabila jingine, ikawabidi kuzungumza Kiingereza, alishusha sauti. Aliona haya kusema na ndugu yake wa nchi moja kwa lugha ya kigeni, tena mbele ya wenye lugha hiyo. Hapa Achebe ameugusa upweke wa mwanafunzi ugenini kwa usahihi mkubwa. Upweke huo hautokani na kukosa watu. Basi limejaa watu, na mmojawapo ni wa kwao. Unatokana na kukosa lugha ya kukutania.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambako si lugha ya mama kwa walio wengi tuna haki ya kukisoma kifungu hiki kwa jicho letu. Wachukue wanafunzi watatu: mmoja Mganda, mmoja Mrundi, mmoja wa Bukavu. Wakikutana katika chuo kikuu cha mbali, wawili kati yao wamesomeshwa kwa Kifaransa na mmoja kwa Kiingereza. Wakiwa na Kiswahili, hawana haja ya kushusha sauti. Si kwamba Kiswahili kitawafanyia mitihani yao. Mwanafunzi aliyetoka shule za Kifaransa akaingia chuo cha Kiingereza lazima ajifunze Kiingereza hicho, na ni vema aanze kabla hajafunga sanduku. Lakini jioni, bwenini, mtu anahitaji lugha ya kuuliza bila aibu: maktaba hufungwa saa ngapi, ada hulipwa wapi, fulani ameugua tufanyeje. Mara nyingi tunawatetea wanafunzi wetu Kiswahili kwa hoja za biashara na ajira. Achebe ametupa hoja ya kiutu, naye bila ya kukitaja Kiswahili hata mara moja.

Tutazame pia karamu ya kumpokea Obi aliporudi. Chama kimevaa mavazi rasmi. Katibu anasoma risala kwa Kiingereza kizito chenye mapambo. Obi anakuja bila koti, kwa sababu ya joto, na anasema Kiingereza chepesi kinachoeleweka. Wanachama wanasikitika. Wengi hucheka wanaposoma mandhari haya, na ni kweli kwamba yanachekesha. Lakini kejeli yake inatuhusu. Watu wa Umuofia walikipima chuo kikuu kwa uzito wa maneno na suti. Mwalimu anayemsifu mwanafunzi kwa misamiati migumu kuliko kwa fikra iliyonyooka anamwandaa kwa karamu ile, hamwandai kwa chuo.

Msomaji anaweza kunipinga akisema kwamba namlaumu Achebe kwa kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Kwamba dhamira yake ilikuwa kijana aliyerudi, na hata jina la Kiingereza la riwaya limetoka katika shairi la T. S. Eliot kuhusu Mamajusi wanaorudi makwao wasipate tena utulivu. Nakubali. Kwa dhamira ile, ufupi wa sehemu ya Uingereza ni uamuzi wa kisanii wenye nguvu: Obi anarudi na miaka minne ambayo hakuna Umuofia anayeijua, nasi wasomaji tunawekwa upande wa wasiojua. Lawama yangu ni kwa usomeshaji wetu. Tunaugeuza ukimya huo kuwa onyo, kwamba aendaye mbali huharibika, na kijana anayejiandaa kuondoka hapati humo ila hofu.

Napendekeza basi kazi mbili za darasani. Kwanza, wanafunzi waandike barua ya Obi kwa chama, katika mwezi ule alioamua kuacha sheria: aeleze sababu, na aseme deni atalilipaje. Pili, kundi jingine liandike jibu la chama, likikumbuka kwamba waliochanga nao wana kesi zao za ardhi na haki ya kukasirika. Barua hizi hazimo katika riwaya. Mwanafunzi aliyejaribu kuziandika zote mbili atakuwa amefanya zoezi ambalo kesho, akisomeshwa kwa michango ya ukoo au kwa mkopo, huenda akahitaji kulifanya kwa jina lake mwenyewe. Na kabla hajaondoka, wazazi wake na mwalimu wake waketi naye wamwulize lile swali ambalo Umuofia hawakumwuliza Obi.