Kiongozi Asiyeonekana

Sinema za zamani za misukosuko ya siasa zina desturi yao: mtu hukimbia, askari humwandama, na katikati ya mbio hizo siri ya serikali hufichuka. Mtazamaji hushikwa na msisimko hata akasahau kuuliza ni nani aliyepewa haki ya kukata shauri. Swali hilo nataka tuiulize The Wilby Conspiracy, sinema ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Ralph Nelson.

Hadithi yake ni ya Afrika Kusini chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, uliokwisha mwaka 1994, lakini picha zilipigwa hapa Kenya; nchi yetu ikavishwa jina la nchi nyingine. Sidney Poitier ni Shack Twala, mpigania uhuru aliyetoka kufunguliwa na mahakama. Michael Caine ni Keogh, Mwingereza asiyejali siasa. Wanamkimbia Meja Horn, naye kwa hila amewaachia njia ili wamfikishe kwa Wilby, kiongozi wa chama cha Waafrika.

Twala si mtumishi wala mshenzi. Ana akili, ana mzaha, ana hasira yenye sababu. Hata Wahindi wa Afrika Kusini wamepata nafasi, wakichezwa na Saeed Jaffrey na Persis Khambatta. Mlinganishe Twala na Kimani, ambaye Poitier huyo huyo alimcheza mwaka 1957 katika Something of Value, sinema ya vita vya Mau Mau. Kimani anazabwa kofi na Mzungu, anaingia msituni, na mwisho anakufa. Mwanawe mchanga anabaki mikononi mwa Peter, mlowezi aliyekua naye. Msomaji wa Murera, ayajuaye mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yaliyokuwa ya walowezi, ana haki ya kushangaa: mbona kofi lina uzito kuliko ardhi?

Kutoka Kimani hadi Twala ni hatua kubwa, tena ya kupongezwa. Lakini tazameni mwisho. Risasi inayommaliza Horn inatoka mkononi mwa Keogh. Badiliko la moyo tunalongojea tangu mwanzo ni la Mwingereza; Twala alikwisha kuamua zamani, nasi hatukuonyeshwa siku aliyoamua. Watasema kwamba watazamaji wa Uingereza na Marekani walihitaji mtu wa kufanana nao. Huenda, lakini Mwafrika naye alilipa kiingilio.

Na Wilby, mwenye jina la sinema? Haonekani mpaka karibu na tamati. Alichezwa na Joe de Graft, mwandishi wa tamthilia kutoka Ghana aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mengi ya kumtia Wilby kinywani, lau angalipewa dakika chache zaidi.