Upagani: Uhakiki wa Jina kutokana na Mfano wa Lukafu

Msomaji wa maandishi yanayohusu dini katika Katanga ya Juu hukutana na neno mpagani mapema mno, mara nyingi kabla hajaelezwa watu hao waliamini nini. Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi, ni mahali pafaapo kulichunguzia neno hilo. Hapo palikuwa na kituo cha utawala wa Dola Huru ya Kongo kabla mji wa Élisabethville haujaanzishwa mwaka 1910; baadaye pakawa na misheni ya Wabenedikto. Kituo, misheni na kijiji vilitazamana, lakini ni viwili vya kwanza tu vilivyoandika. Kwa sababu hiyo makala haya yanadai kwamba upagani si jina la dini yoyote. Ni jina la umbali uliopo baina ya anayetaja na anayetajwa.

Asili ya neno yenyewe yaonyesha hivyo. Katika Kilatini, pagus ni wilaya ya mashambani, na paganus ni mwenyeji wake. Neno hilo lilitumiwa pia kwa raia asiye askari, na Tertullianus alilitumia kwa maana hiyo alipomlinganisha raia na askari. Ni katika karne ya 4 ndipo Wakristo wa Dola ya Kirumi walipolizoea kwa maana ya mtu aishikaye miungu ya zamani. Wataalamu hawajakubaliana ni maana ipi kati ya hizo mbili iliyozaa ile ya kidini. Hata hivyo, zote mbili zamweka mtajwa nje: nje ya mji, au nje ya jeshi.

Kiswahili kilikwisha kuwa na majina ya namna hii kabla ya misheni. Kafiri, kutoka Kiarabu, ni mtu anayeshtakiwa kwa kuikana kweli. Mshenzi hashtakiwi kwa kukana. Hushtakiwa kwa kutofikiwa na ustaarabu wa pwani. Jina hili la pili lilisafiri na misafara hadi Kongo, ambako basenji wakawa watu wa vijijini machoni pa watu wa miji. Hivyo neno la Kilatini na neno la misafara yamepita njia moja: mahali anapoishi mtu pamegeuzwa kuwa kipimo cha utu wake. Mpagani wa misheni alirithi mashtaka yote mawili, la kukana na la kutofikiwa, ingawa ni vigumu mtu kukana jambo ambalo hajafikiwa nalo.

Jina hili lilificha mengi. Wasanga na Walamba walimtaja Leza, muumba, na wakawaheshimu wafu wao kama wanajamaa waliobadili makazi tu. Upande wa mashariki, katika nchi za Luapula na ziwa Mweru, chama cha Butwa kilikuwa na unyago wake, viongozi wake na nyumba zake za ibada, na kikawapokea wanaume kwa wanawake. Mambo hayo hayafanani kiasi cha kutosha kuitwa kwa jina moja. Isitoshe, mhubiri alipotaka kumtaja Mungu katika lugha za sehemu hizo, alichukua jina lile lile la Leza, au Lesa. Kwa maneno mengine, aliazima jina la Mungu kwa mtu aliyemwita asiyemjua Mungu.

Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi Katanga, alijaribu kuliziba pengo hilo. Kitabu chake La philosophie bantoue, kilichotolewa Élisabethville mwaka 1945, kilidai kwamba matendo yaliyodharauliwa yana mantiki moja, yaani falsafa ya nguvu ya uhai. Heshima hiyo haipaswi kubezwa. Lakini Tempels hakuivunja jozi ya mpagani na Mkristo. Aliipanga upya tu, mmoja akawa msingi na mwingine paa. Zaidi ya hayo, mwenye falsafa hakupewa nafasi ya kuieleza. Ilimbidi angoje Mzungu amwambie anachokifikiri.

Jibu lilitoka kwa wafanyakazi wa migodi na wake zao. Katika mwendo wa Jamaa, uliotokana na mafundisho ya Tempels katika miaka ya 1950, mawazo hayo yalizungumzwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1971, aliyaonyesha maneno hayo kuwa nguzo za mafundisho yao. Hapo si rahisi kusema upagani unaishia wapi na Ukristo unaanzia wapi, kwa kuwa wasemaji hawakuuhitaji mpaka huo.

V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Katanga, ndiye aliyeufafanua mpaka wenyewe. Katika The Invention of Africa (1988) alionyesha hatua za usemi wa kimisheni: kudhihaki, kukanusha huku ukithibitisha, kisha kudai utii. Uchambuzi huo haujapoteza nguvu. Kasoro yake ni kwamba maktaba ya kikoloni anayoichambua ni ya lugha za Ulaya hasa. Kazi ya kumfanya mtu awe mpagani ilitendeka pia katika Kiswahili: katika katekisimu, kambini na sokoni, na mara nyingi kwa kinywa cha Mwafrika aliyemwita jirani yake musenji.

Hapo ndipo wajibu wa taaluma ya Kiswahili ulipo. Mwanafunzi akutanapo na neno mpagani katika matini asilifute, kwani ni ushahidi. Wala asilitumie kama jina la imani ya mtu. Alisome kama alama ya mahali aliposimama mwandishi, kisha aulize watu wa kijiji walijiitaje na wafu wao waliwaitaje. Majibu ya maswali hayo yatahitaji majina mengi, na wingi huo ndio uliofichwa na jina moja.